Shingo ya Kitunguu

Delu aliyanywesha matuta yake hadi siku ya mwisho.
"Uzito ni pesa," akasema, ndoo ikimtiririkia kisogoni.
Mimi niliuziba mfereji wangu siku kumi na mbili kabla,
nikaviacha vitunguu vione kiu,
majani yalale yenyewe, moja baada ya jingine,
kama watoto waliochoka kugombania mkeka.

Sisi ni wake wa mume mmoja, bonde la Tarka.
Mume yuko Kotonu, anauza nini sijui.
Simu yake huingia kwa Delu Alhamisi, kwangu Jumapili,
na maneno ni yale yale. Nimeyapima.

Machi tuling'oa. Zambarau mpaka ndani ya kucha.
Tajiri wa Birni Konni akaja na lori na mizani yake,
akataja bei kama mtu anayekohoa.
Delu akauza nusu.
Mimi sikuuza hata kimoja.
Nilivitandaza kivulini, majani ya hiki yakikifunika kile,
jua lisiviunguze mashavu,
siku kumi,
hadi maganda yakawa yananong'ona nikipita.
Ndipo nikakata. Shingo niliiacha ndefu, vidole viwili,
maana ukikata karibu mno umeufungulia uozo mlango
na hata hodi hautapiga.
Chenye shingo nene nilikitenga. Hicho hakikai.
Hicho ni cha chungu cha leo.
Kilichodunda chini nacho, hata kama hakina alama:
jeraha la kitunguu huwa ndani, linangoja mvua.

Ghala letu ni rudu moja, duara la mabua ya mtama,
limeinuliwa juu ya magogo upepo upite chini,
paa la nyasi limevutwa hadi masikioni.
Nusu yake, nusu yangu,
na katikati ufito mmoja niliouweka mimi.
Vyangu nilivitandaza kina cha mkono, si zaidi.
Vyake alivimwaga.

Juni, mvua.
Wenye bahari wana samaki wao mmoja aozaye.
Sisi tuna hiki, na hiki hakina macho ya kukutazama.
Hujitia uzima. Ganda linang'aa, chini yake maji.
Kwa hiyo huingia usiku, bila taa,
nikatafuta kwa pua.

Usiku wa kwanza nikanusa upande wa Delu.
Tamu kidogo, chachu kidogo.
Nikarudi kulala.
Usiku wa pili nikanusa tena nikanyamaza.
Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayeniuliza:
nilitaka vioze.
Nilitaka Alhamisi moja amweleze mume kwa sauti ya chini
nami niwe nyuma ya ukuta, natwanga.

Usiku wa nne nikamkuta humo, amechuchumaa gizani.
Alikuwa upande wangu wa ufito.
Nikafungua kinywa. Akaninyoshea mkono,
kitu cha ulaini kikaniangukia kiganjani, kikapasuka.
"Hiki ni chako," akasema. "Cha kumi na saba.
Tangu juzi navitoa. Pua yako haifanyi kazi?"

Sikujibu.
Nilivuka ufito nikapiga magoti kwenye rundo lake,
na lo, lilikuwa na joto kama tumbo la mgonjwa.
Tukalipunguza. Tukatandaza hadi yalipo yangu,
vilivyochipua kando, vya mchuzi kando,
vya kumtupia mbuzi wa Tanimu kando,
naye mbuzi akavikataa.

Agosti bei ilipanda. Kati ya magunia arobaini
nilibaki na ishirini na sita.
Yeye tisa.
Sikumgawia. Sikumcheka pia.
Ila Septemba alikuja matutani kwangu na jembe begani
akauliza mfereji huzibwa siku ya ngapi,
nami nikamwambia, nikipunguza siku moja,
kisha usiku nikaenda kuirudisha.

Hayo baadaye. Alfajiri ile ya Juni ilikuwa Alhamisi.
Simu ikalia kwenye kanga yake.
Tulitazama mikono yetu minne, uvundo hadi kwenye viwiko.
"Pokea wewe," akasema.
"Wewe."
Ikalia, ikalia, ikachoka.